Mlezi wa Mbali kwa Mwanafunzi wa Dzaleka

Katika wilaya ya Dowa nchini Malawi, kiasi cha kilometa 45 kutoka Lilongwe, yapo makazi ya wakimbizi yaitwayo Dzaleka. Zamani, katika utawala wa Rais Kamuzu Banda, mahali hapo palikuwa gereza lililoogopwa la wafungwa wa siasa, na jina lenyewe katika Kichewa ni kama kauli ya mtu anayeapa kwamba ataacha, hatarudia tena. Mwaka 1994 palifunguliwa kuwapokea waliokimbia machafuko ya Rwanda, Burundi na nchi iliyoitwa Zaire wakati ule. Palikusudiwa watu kati ya 10,000 na 12,000. Leo wapo zaidi ya 50,000, na walio wengi ni Wakongo. Kichewa ni lugha ya wenyeji wa jirani na Kiingereza ni lugha ya ofisi, lakini ndani ya makazi hayo Kiswahili ndicho kinachonunua nyanya, kinachohubiri na kinachogombana. Hata redio ya hapo yaitwa Yetu.

Kwa familia za askari wa Tanzania watu hao si wageni kabisa. Mwaka 2013 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliunda brigedi maalumu ndani ya jeshi la kulinda amani la Kongo, na askari wake walitoka Tanzania, Malawi na Afrika Kusini. Mwishoni mwa 2023 nchi hizo tatu zilipeleka tena askari Kivu chini ya bendera ya SADC, na kazi hiyo ikakomeshwa Machi 2025. Kwa hiyo yuko baba aliyesimama zamu karibu na Goma, na yuko kijana wa Goma aliyeketi Dzaleka akifungua daftari. Wengi wa vijana hao walipita Kigoma na Mbeya, wakavuka mpaka wa Songwe, wakapokelewa Karonga kabla ya kupelekwa Dowa.

Baadhi yao wanasoma chuo kikuu. Mwaka 2010 Wajesuiti walianzisha hapo, na katika kambi ya Kakuma nchini Kenya, mpango wa elimu ya juu kwa njia ya intaneti. Stashahada ilitolewa na Chuo Kikuu cha Regis kilichoko Denver, Marekani. Mwalimu alikuwa ng'ambo, na mwanafunzi alikuwa katika chumba cha kompyuta pale pale makazini. Wahitimu wa kwanza walipokea vyeti vyao mwaka 2013. Wako pia wanaosomeshwa vyuoni kwa msaada wa DAFI, mfuko ulioanzishwa mwaka 1992 na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi kwa fedha za Ujerumani. Hata hivyo ni wachache. Duniani kote, mwaka 2019, vijana wakimbizi waliofika elimu ya juu walikuwa 3 tu katika kila 100. Miaka michache baadaye wakafikia 7, na lengo lililowekwa ni 15 ifikapo mwaka 2030.

Uchache huo una tabu yake. Mtoto wa mwalimu wa Lilongwe akishindwa kuelewa barua ya chuo humwuliza baba yake, au mjomba, au jirani aliyepata digrii. Mwanafunzi wa Dzaleka mara nyingi ndiye wa kwanza katika nyumba yake, na pengine katika safu nzima ya nyumba, kuisoma barua ya namna hiyo. Ndiyo sababu ya ulezi wa masomo kwa njia ya intaneti: mtu mzima aliyekwisha kupita njia hiyo, awe Lilongwe, Nairobi, Toronto au Denver, apewe mwanafunzi mmoja wa kumwongoza kwa barua pepe, kwa simu au kwa sauti iliyorekodiwa, kwa muda wa mwaka mmoja hivi.

Watu wema wanaojitolea kuwa walezi hupatikana. Kazi ngumu ni kujua nani apewe nani. Katika mipango mingi kazi hiyo hufanywa kwa fomu: jina, jinsia, somo, kazi, nchi. Anayesoma uhasibu hupewa mhasibu. Anayesoma uuguzi hupewa muuguzi. Katika karatasi wamefanana kama visigino viwili, lakini huenda hawana hata saa moja ya mchana ambayo wote wawili wako macho na wote wawili wana umeme.

Hapa yafaa kukumbuka asili ya neno lenyewe ambalo Wazungu wamelitumia kwa mlezi wa jinsi hii. Lilitoka katika nyumba ya askari. Katika utenzi wa kale wa Kigiriki uitwao Odyssey, Odysseus aliondoka kwenda vitani Troya, akamwachia rafiki yake aitwaye Mentor nyumba yake, na mwanawe Telemachus akiwa bado mchanga. Baba akakaa miaka ishirini bila kurudi. Jambo ambalo wengi hulisahau ni kwamba huyo Mentor mwenyewe hakufanya makubwa. Aliyemwongoza kijana safarini alikuwa mungu wa kike, Athena, aliyevaa sura na sauti ya Mentor. Tangu mwanzo kabisa, basi, kijana alikuwa akizungumza na mtu ambaye siye aliyemdhania. Jambo hilo litarudi chini, kwa maana wazazi wana haki ya kuliuliza.

Waswahili nao walikuwa na utaratibu wao kabla ya intaneti. Msichana wa pwani alipovunja ungo alipewa somo, na katika unyago alikuwako kungwi. Wachewa wana phungu, mshauri, na neno hilo hilo ndilo wanalomwitia mbunge. Somo hakuchaguliwa kwa kuwa tajiri au mwenye cheo. Alitazamwa kama ana subira, kama anatunza siri, kama anakaa karibu kiasi cha kuitwa usiku, na kama mama wa mtoto anaweza kumkemea akikosea. Jeshini pia kuruta hapewi jenerali wa kumfundisha kufunga mabuti. Hupewa koplo aliyelala katika bweni lile lile miaka michache iliyopita na anayekumbuka malengelenge yake.

Mipango ya intaneti mara nyingi hutenda kinyume. Hutafuta majenerali. Mkurugenzi wa benki, profesa mstaafu, mwenye kampuni: majina hayo hupendeza katika taarifa ya mwaka. Lakini mkurugenzi ana nusu saa kwa mwezi, na nusu saa hiyo ikigongana na kukatika kwa umeme, mwezi umekwisha.

Chukua mfano wa msichana wa miaka ishirini na mbili, mzaliwa wa Uvira, anayesoma kilimo au biashara huku akiishi Dzaleka na mama yake na wadogo zake katika nyumba ya vyumba viwili. Mlezi wake yuko Denver. Wakati wa baridi kule, Malawi iko mbele kwa saa tisa. Wakati wa kiangazi chao, kwa saa nane. Mlezi huyo akitoka kazini saa kumi na moja jioni, akaketi na kikombe chake kuanza mazungumzo, Dzaleka ni saa nane au saa saba ya usiku. Msichana akiongea, anawaamsha wadogo zake. Akitoka nje, anasimama gizani na simu inayong'aa mkononi, na kila mwenye binti anafahamu maana yake. Basi anaandika kwamba hakuweza, mara ya kwanza, mara ya pili, na mlezi anaanza kuamini kwamba mtoto huyu hana bidii.

Kuna na hesabu ya saa yenyewe. Mswahili akisema saa mbili, saa ya Mzungu yaonyesha nane. Mwanafunzi anayefikiri kwa Kiswahili na kuandika kwa Kiingereza anaweza kukosea kwa saa sita nzima, na wote wawili wakangojeana siku hiyo hiyo, kila mmoja akiwa na hakika kwamba mwenzake hakutokea. Jambo dogo, lakini ulezi mwingi umekufa kwa mambo madogo kuliko huo.

Umeme nao si wa kuutegemea. Januari 2022 tufani Ana ilipoharibu kituo cha umeme cha Kapichira katika mto Shire, Malawi ilipoteza karibu theluthi moja ya umeme wake kwa mkupuo mmoja, na ilichukua zaidi ya mwaka kituo hicho kurudi kazini. Mlezi aliye Lilongwe aliijua giza hiyo kwa kuwa ilimkuta nyumbani kwake, akapanga mambo yake upya bila kuelezwa. Aliye ng'ambo alihitaji barua ndefu ya maelezo, na barua hiyo ilihitaji simu yenye chaji.

Kwa hiyo swali la kwanza katika fomu lingekuwa bora kama lingehusu saa zaidi ya kazi. Ni saa zipi za juma ambazo mwanafunzi ana mahali pa kukaa, ana mtandao na hana mtoto wa kubeba? Ni zipi ambazo mlezi yuko huru kweli, si kwa matumaini? Mahali ambapo saa hizo hazikutani, mazungumzo ya ana kwa ana yaachwe, na wawili hao waandikiane tu. Si hasara. Saa moja ya mazungumzo ya picha hula megabaiti mamia kadhaa za bando. Barua ya kurasa mbili haili chochote cha kutajwa, na tena hukaa, ikasomwa mara tatu. Huko Marekani mpango ulioitwa MentorNet, ulioanza mwaka 1997, uliwaunganisha wanafunzi wa kike wa sayansi na uhandisi na watu wa kazi kwa barua pepe tu, zamani ambapo kuonana usoni kwa kompyuta kulikuwa ndoto kwa walio wengi.

Lugha ndiyo ya pili, na labda ingekuwa ya kwanza. Kijana aliyetoka Kivu alisoma shule kwa Kifaransa. Aliyetoka Burundi kwa Kirundi kisha Kifaransa. Chuo cha Malawi ni Kiingereza, na cha Denver ni Kiingereza. Nyumbani ni Kibembe, Kifuliiru, Kinyamulenge au Kinyarwanda, na barabarani ni Kiswahili. Mlezi anapozungumza Kiingereza cha haraka, mwanafunzi hujibu “ndiyo, ndiyo” kwa adabu, na mlezi hufurahi kwamba wameelewana. Mlezi ajuaye Kiswahili ana ufunguo ambao profesa hana. Anaweza kusikia kimya kirefu kati ya maneno na kuuliza: “Hapo umenielewa, mwanangu, au umenistahi tu?” Swali kama hilo kwa Kiingereza lingekuwa matusi. Hata hivyo mlezi huyo asikigeuze Kiswahili kuwa blanketi la kujifunikia wote wawili. Insha itaandikwa kwa Kiingereza, na mtihani pia.

Hata namna ya kuitana huleta shida. Mmarekani mwenye umri wa miaka sitini huandika katika barua ya kwanza kwamba aitwe kwa jina lake la ubatizo, bila cheo. Anafanya hivyo kwa upendo. Lakini kijana aliyelelewa Uvira hawezi kumwita mtu wa umri wa baba yake kwa jina tupu, kama anaita mtoto mwenzake aje kucheza. Basi hamwiti kitu chochote, na barua zake zinaanza bila salamu, na mlezi anaziona baridi. Waratibu walioliona jambo hili huwashauri vijana watumie “Mwalimu.” Neno hilo limewatosha watu wakubwa sana katika Afrika ya Mashariki, na mgeni hufurahi kulielewa.

Kisha ipo sheria. Malawi ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 mnamo 1987, ikaweka masharti yake juu ya ajira, elimu ya umma na uhuru wa kutembea, na sheria yake ya wakimbizi ni ya mwaka 1989. Mkimbizi anatakiwa kukaa Dzaleka, na akitaka kutoka anahitaji kibali. Machi 2021 serikali iliwaamuru waliokuwa wakiishi mijini na vijijini warudi makazini. Mei 2023 polisi na wanajeshi waliwakusanya Lilongwe na kwingineko, wakiwamo wenye maduka na wenye watoto mashuleni, wakarudishwa.

Askari polisi asomaye ukurasa huu anaijua hali hiyo kutoka upande wa pili wa kizuizi cha barabarani. Yeye hutazama karatasi. Kibali kipo au hakipo. Mlezi wa mbali hajui hata kwamba kizuizi kipo. Kwa nia njema kabisa humshauri mwanafunzi atafute kazi ya nusu siku Lilongwe ili apate ujuzi, kama yeye alivyofanya ujanani. Au mlezi aliye Lilongwe, akiona kilometa 45 si kitu, humwambia msichana apande basi Jumamosi waonane mjini, wanywe chai, waitazame maktaba. Ushauri wa kwanza humkatisha tamaa mwanafunzi. Wa pili unaweza kumfikisha kituoni. Iwapo lazima waonane, mwenye uhuru wa kutembea ndiye atembee: mlezi aombe ruhusa, aende Dzaleka, aketi na mwanafunzi mbele ya mama yake.

Hii ndiyo sababu mlezi wa Lilongwe, hata akiwa mtu wa cheo kidogo, aweza kumfaa mwanafunzi wa Dzaleka kuliko bingwa wa ng'ambo. Afisa ugani aliyesoma kilimo Bunda, muuguzi aliyefunzwa Lilongwe, karani wa chuo ajuaye dirisha lipi hufunguliwa saa ngapi: hao wanaijua ada inavyolipwa, wanamjua mhadhiri anayechelewesha alama, na wakisikia neno “kibali” hawaulizi maana yake. Bingwa wa ng'ambo ana nafasi yake, hasa mwanafunzi akikaribia kumaliza na kutafuta shahada ya pili au nafasi ya kusoma Kanada. Kosa ni kumpa kwanza yule anayefaa mwisho.

Watu hudhani kwamba njia salama ni kumpa Mkongo mlezi Mkongo, na Mrundi mlezi Mrundi. Wataalamu waliochunguza ulezi wameliangalia jambo hili. Mwaka 2013 Lillian Eby na wenzake walikusanya matokeo ya uchunguzi mwingi uliofanywa mashuleni, vyuoni na makazini, wakaona kwamba kufanana kwa ndani, yaani kwa fikira, tabia na mambo ambayo mtu anayathamini, kuna uhusiano mkubwa zaidi na ulezi mwema kuliko kufanana kwa rangi au jinsia. Kwa wakimbizi kuna sababu nyingine ambayo haikuhitaji hesabu. Watu hawa wametoka katika vita ambamo majirani walikuwa pande mbili. Karatasi yaweza kusema kwamba wote ni Wakongo wa Kivu ya Kusini, kumbe ukoo wa mmoja ulikimbia wa mwingine. Kuuliza kabila katika fomu ni kuchokonoa kidonda, na ni kuacha maandishi ambayo hakuna ajuaye yatafika mikononi mwa nani. Iliyo bora ni kumwachia mwanafunzi nafasi tupu ya kuandika ni mtu wa namna gani asingependa kupewa, bila kudaiwa sababu.

Jinsia ni hivyo hivyo. Wasichana wengi, na mama zao zaidi, watataka mlezi mwanamke. Wako wasiojali. Aulizwe mwenyewe, tena aulizwe peke yake, si mbele ya kaka zake.

Baadhi ya mipango imeiachia kompyuta kazi ya kuoanisha, na si jambo la kulidharau. Mwaka 1962 wanahisabati wawili wa Marekani, David Gale na Lloyd Shapley, waliandika juu ya swali kama hili. Tuseme walezi wako kumi na wanafunzi kumi, na kila mmoja ameandika orodha ya wale angependa kupewa, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Wanafunzi waombe: kila mmoja amwombe aliye wa kwanza katika orodha yake. Mlezi aliyeombwa na wengi amshike kwa muda yule ampendaye kati yao, awakatae wengine. Waliokataliwa wamwombe wa pili wao, na mlezi aweza kumwachia aliyemshika akija aliye bora kwake. Iendelee hivyo mpaka asiwepo wa kukataliwa. Wawili hao walithibitisha kwamba mwishoni hapatakuwa na mwanafunzi na mlezi ambao wote wawili wangependa kuwaacha waliopewa ili washikane wao.

Lakini katika hesabu hiyo mna jambo lililojificha. Upande unaoomba ndio unaopata kilicho bora kadiri inavyowezekana. Upande unaongoja kuombwa hupata kilichobaki. Huko Marekani utaratibu wa namna hii umetumiwa tangu 1952 kuwagawa madaktari wapya katika hospitali, na kwa miaka mingi hospitali ndizo zilizokuwa upande wa kuomba. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ukageuzwa, madaktari wakawa waombaji. Shapley, pamoja na Alvin Roth aliyesaidia kugeuza mpango huo, walipata Tuzo ya Nobeli ya Uchumi mwaka 2012. Gale alikuwa amefariki mwaka 2008.

Sasa itazamwe mipango ya ulezi. Nani huomba? Mara nyingi ni mlezi. Huonyeshwa picha na maisha ya wanafunzi, akachagua yule aliyemgusa moyo. Mwanafunzi hungoja kuchaguliwa, kama alivyongoja mgao, kibali na majibu ya ombi lake la hifadhi. Mpango mmoja utakaogeuza jambo hilo, ukampa mwanafunzi maelezo ya walezi watatu na kumwambia achague, utakuwa umefanya kazi kubwa kabla ya barua ya kwanza kuandikwa. Na maelezo yenyewe yasiwe orodha ya vyeo. Mwanafunzi wa Dzaleka hana njia ya kujua kama mkuu wa idara ya mikakati ni mtu wa kumfaa. Lakini akisoma kwamba mlezi huyu alifeli hisabati mwaka wa kwanza akairudia, au kwamba alisoma huku akilea mtoto, au kwamba anaweza kujibu barua kila Jumapili jioni, hapo anajua anachochagua.

Hata hivyo uchaguzi mzuri huweza kuharibika, na hapo ndipo penye jambo zito kuliko yote. Mwanafunzi mkimbizi hasemi kwamba mlezi hamfai. Atasemaje? Ameambiwa kwamba mtu huyu anajitolea bure. Anaogopa kwamba akilalamika ataitwa mtovu wa shukrani na jina lake litaondolewa katika orodha ya wanaosomeshwa. Basi anaendelea kuandika barua za kushukuru kwa mwaka mzima, huku mambo yake ya kweli akimpelekea rafiki yake wa chumba cha kompyuta. Taarifa ya mwaka husema kwamba wawili hao walidumu miezi kumi na miwili.

Dawa yake ni mtu wa tatu aliye pale pale. Mpango ule wa mwaka 2010 ulikuwa na waratibu makazini kwa sababu walimu walikuwa mbali, na lililofaa kwa masomo lafaa zaidi kwa ulezi. Mtu huyo, akiwa mhitimu wa Dzaleka mwenyewe, amwite mwanafunzi baada ya wiki nne, amwulize kwa Kiswahili na bila karatasi mkononi. Asimwulize kama ameridhika, maana atajibu ndiyo. Amwulize mara ya mwisho walizungumza nini, na kama kuna jambo alitaka kuuliza akaliacha. Akiona ulezi haukushika, abadilishe, na barua kwa mlezi iseme tu kwamba saa za mwanafunzi zimebadilika. Uongo mdogo wa namna hiyo haujamwua mtu.

Wazazi nao wana haki yao, wawe Dzaleka au katika kota za polisi za Dodoma au Mbeya, ambako watoto wa vyuo sasa hurudi likizo wakisema kwamba wamepata mlezi katika simu. Mama asicheke wala asipige marufuku. Aulize mpango huo unaendeshwa na nani, na kama yupo mtu nchini anayeweza kuonwa kwa macho. Aulize kama mazungumzo hupita mahali ambapo mratibu anaweza kuyaona, au yamehamia haraka katika simu ya binafsi. Mlezi anayeomba picha ambazo si za masomo, anayetaka yasisemwe nyumbani, au anayeanza kutuma fedha mkononi mwa mwanafunzi, ameacha kuwa mlezi, hata kama jina lake ni kubwa. Fedha hasa ni mtego wa pande zote mbili. Mgao wa chakula Dzaleka umepunguzwa mara kadhaa katika miaka ya karibuni, na mwanafunzi mwenye njaa akiwa na mtu wa Ulaya katika simu yake atajaribiwa kuomba. Akishapewa mara moja, hataweza tena kumwambia mtu huyo kwamba ushauri wake haukufaa. Msaada ukiwapo upitie ofisini. Na kwa kuwa Athena aliweza kuvaa sura ya Mentor, si vibaya baba mwenye cheo cha sajini kuomba kuiona sura hiyo mara moja, akasalimu, kisha akaondoka zake.

Dzaleka imekwisha kutoa wahitimu wake wenyewe, miaka zaidi ya kumi sasa. Wengi hawawezi kuajiriwa Lilongwe kwa sababu ya masharti yale yale, na elimu yao hukaa kama panga jipya lililotundikwa ukutani. Hao wanaijua fomu, wanaijua giza, wanajua jinsi ya kumwandikia mhadhiri wa Denver bila kumwita jina tupu. Katika kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu wako vijana wa Kivu wanaomaliza sekondari na hawana wa kumwuliza. Kati ya Dowa na Kasulu tofauti ya saa ni moja tu, na barua inaweza kuandikwa kwa Kiswahili.